Barua kwa Shangazi: Daftari la mwili

Katika toleo lililopita niliwaomba mchukue daftari, mkae dakika kumi kila jioni, na mwandike mwili unahisi nini. Si yaliyotokea kazini wala nani kasema nini; mwili wenyewe. Barua zimekuja nyingi, na nyingine nimezisoma nikaziweka chini, nikazisoma tena. Nimechagua sita. Majina halisi ya walioandika nimeyaacha.

Shikamoo Shangazi. Mimi nashinda mbele ya kompyuta, na ikifika jioni mabega hayashikiki. Nilianza kuandika siku ile ile niliposoma ukurasa wako. Tatizo ni kwamba kila siku naandika jambo moja: "Leo nimechoka, mabega yanauma." Kesho yake tena hivyo hivyo. Siku nyingine najikuta nimejaza ukurasa mzima kwa kumlalamikia mkuu wangu wa kazi, na mwili sijauandika hata mstari. Nakosea wapi? – Mchovu wa Mabega

Marahaba mwanangu. Umeanza vizuri, ila umeishia mapema. "Nimechoka" ni hitimisho. Umeutazama mwili nusu sekunde, ukatoa uamuzi, ukafunga daftari. Ndiyo maana kesho yake unaandika lile lile: uamuzi wako ni wa siku zote, lakini mwili hubadilika kila saa.

Nimefanya kazi ya uuguzi wodini kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Jambo la kwanza tulilofundishwa kuhusu chati ya mgonjwa ni kuandika kinachoonekana na kinachopimika. Hatukuandika "mgonjwa hana raha." Tuliandika saa, joto la mwili, mapigo ya moyo kwa dakika, idadi ya pumzi kwa dakika, amelalia ubavu gani, anakunja uso akiguswa wapi. Maana ya yote hayo ilikuja baadaye, chati ikishasomwa. Daftari lako nalitaka liwe hivyo: mwili kwanza, maana baadaye.

Basi tuyachukue mabega yako. Ni bega lipi? Maumivu yanaanzia wapi na yanaishia wapi? Yana upana wa kidole au wa kiganja? Yanachoma, yanavuta, yanabana, yanapwita, yanafukuta? Ukivuta pumzi yanazidi au yanabaki vilevile? Na wakati bega linauma, taya linafanya nini? Maneno tunayo tele: ganzi, uzito, wepesi, mtetemo, joto, baridi, kukakamaa, kulegea, kujaa, kuchomachoma. Kila unapotaka kuandika "inauma," simama kidogo uchague lililo karibu zaidi na ukweli.

Nakuwekea hapa ukurasa wangu mmoja, kama ulivyo:

"Saa 2 usiku, nimekaa kitini. Bega la kulia limepanda kuliko la kushoto. Maumivu yanaanza chini ya kisogo, yanashuka mpaka ncha ya bega, upana wa vidole viwili. Hayachomi, yanavuta. Meno yamegusana; nimeyaachanisha, yamegusana tena. Pumzi inaishia kifuani, tumbo halitikisiki. Nilipoandika juu ya meno, bega limeshuka kidogo bila kuliamuru. Vidole vya mkono wa kulia ni vya baridi. Nyayo sizisikii mpaka nizikandamize sakafuni. Nyuma ya magoti hapana kitu, pametulia."

Tazama mambo mawili hapo. La kwanza ni bega kushuka. Sikulishusha mimi, lilishuka nilipoligundua taya. Mabadiliko madogo ya namna hiyo ndiyo ninayoyatafuta kwenye kuandika huku, na hayaonekani kwa anayeandika "nimechoka." La pili ni ule mstari wa mwisho. Andika pia mahali pasipouma. Ukizoea kuandika maumivu tu, utaanza kuamini kwamba mwili wako wote ni maumivu, kumbe sehemu kubwa yake inafanya kazi kimya bila kukudai kitu.

Haya si mambo niliyoyabuni mimi. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, katika chuo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Massachusetts nchini Marekani, alianzisha mafunzo, ambayo sasa ni ya wiki nane, kwa wagonjwa wenye maumivu sugu na msongo wa mawazo. Washiriki hulala chali na kuupitisha umakini mwilini, kuanzia vidole vya mguu hadi utosini, bila kujaribu kurekebisha chochote. Wengi wanalijua zoezi hilo la kulala. Wachache wanajua kwamba mafunzo hayo yana kazi ya kuandika pia: wiki moja mshiriki huandika kila siku tukio moja lililompendeza, wiki inayofuata tukio moja lililomkera. Karatasi ina safu. Tukio lilikuwa nini? Ulijua kwamba unalihisi wakati lile linatokea? Mwili ulihisije, kwa undani? Ni hisia na mawazo gani yaliyoambatana nalo? Na sasa unapoandika, unawaza nini?

Mimi naithamini sana ile safu ya pili. Mtu akijibu "hapana, sikujua" siku tatu mfululizo, siku ya nne hujikuta ameshtuka katikati ya tukio lenyewe na kusema moyoni: sasa hivi, hiki hapa, mabega yamepanda. Hapo kuandika kumekwisha kutoka daftarini na kuingia kwenye siku yake.

Mkuu wako wa kazi naye usimfukuze ukurasani, maana atarudi. Mpe mstari mmoja tu: "Alinisema mbele ya wenzangu." Halafu rudi mwilini. Aliposema, ulisikia wapi? Koo lilikauka? Tumbo lilijikunja? Uso ulipata moto? Na sasa unapoliandika, je, bado lipo hapo au limehama? Ukiandika hivyo kwa wiki mbili, nadhani utagundua mwenyewe saa mabega yanapoanza kupanda, na hutahitaji kusubiri jioni ili uyashushe.

Shangazi, shikamoo. Tangu nianze kuandika, kila nikilala nasikia moyo unadunda. Nimeanza kujipima mapigo shingoni, mara nyingi kwa siku, na kila nikipima naandika. Nikipata 88 naogopa, nikipata 70 naogopa vilevile. Daktari amenichunguza, akanipima na umeme wa moyo, akasema moyo ni mzima. Niendelee au niache? – Roho Juu

Marahaba. Kujipima mapigo kuache leo. Kuandika usikuache, ila tutabadilisha unachoandika.

Kwanza nikutoe hofu kuhusu namba zako. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo kati ya 60 na 100 kwa dakika, kwa hiyo 70 na 88 zote ni za kawaida. Mapigo hayasimami mahali pamoja. Hata kuvuta pumzi huyaharakisha kidogo na kuitoa huyapunguza. (Na kwa kuwa wengi mnajipima shingoni: usibonyeze pande zote mbili kwa wakati mmoja, mtu anaweza kuzimia.)

Sasa hilo la moyo kusikika. Moyo ulikuwa ukidunda hivyo tangu zamani. Kilichobadilika ni kwamba umeuelekezea sikio lako lote. Umakini hukuza kile unachokielekea. Mwaka 1980 mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake waliwapa wanafunzi umbali uleule wa kukimbia katika njia mbili tofauti: kwenye uwanja wa kuzunguka, na kwenye njia ya nje inayopinda na kubadilika. Kwenye njia ya nje walikimbia kwa kasi zaidi, lakini hawakuripoti uchovu zaidi. Macho yao yalikuwa na kazi nyingine. Uwanjani, palipokuwa hapana cha kutazama, walibaki na pumzi zao na miguu yao.

Kuna tofauti kubwa kati ya kuuzingatia mwili na kuukagua, na ningependa kila anayesoma ukurasa huu aishike. Anayejikagua ana swali moja: je, niko salama? Anapima, anapata jibu, jibu linamtuliza dakika chache, kisha swali linarudi likiwa na nguvu zaidi, anapima tena. Anayezingatia hana swali la namna hiyo. Anaandika kilichopo, kiwe cha kupendeza au la, na anakiacha kiende zake. Wewe ulianza kwa kuzingatia, na hofu ikakuhamishia kwenye kukagua.

Fanya hivi. Andika mara moja kwa siku, mchana na si kitandani, dakika tano zisizidi. Hakuna namba. Hakuna moyo wala pumzi kwa sasa. Anza na mahali mwili unapogusa vitu: makalio na kiti, nyayo na sakafu, mkono na karatasi, kitambaa na ngozi ya shingo. Kisha sauti mbili tatu unazozisikia. Ndipo, ukipenda, uandike juu ya hofu yenyewe kama kitu kilichotokea mwilini: imekuja saa ngapi, imekaa wapi, ilianza kulegea lini. Kwa mfano: "Saa 9 alasiri, kwenye chembe cha moyo, inabana upana wa ngumi, nilipoinuka kufungua dirisha ilikuwa imepungua." Kuitaja hisia kwa neno kuna kazi yake. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hisia kali huku wakiupima ubongo. Walipoitaja hisia iliyo usoni kwa jina, msisimko wa amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na vitisho, ulipungua.

Ukiona wiki mbili zimepita kwa namna hii na bado unatumia sehemu kubwa ya siku kujichunguza, mwombe daktari akuelekeze kwa mtaalamu wa saikolojia. Hofu ya ugonjwa ina tiba ya mazungumzo inayofanya kazi vizuri, na haina aibu yoyote.

Na hili nawaambia wote. Kifua kikibana, maumivu yakaenda mkononi, mgongoni au kwenye taya, pumzi ikikatika, ukizimia, upande mmoja wa mwili ukilegea ghafla, mdomo ukapinda au maneno yakagoma kutoka: usishike kalamu. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Hujambo mdogo wangu. Nina miaka 71. Binti yangu ndiye aliyenisomea ukurasa wako, naye ndiye aliyeninunulia daftari. Nimejaribu kwa moyo mweupe. Nakaa, nashika kalamu, nauliza mwili unahisi nini, nao haunijibu. Sisi tulilelewa kuvumilia. Binti ananiambia nikizoea nitaweza kujua presha imepanda bila kupimwa. Ni kweli? – Mzee wa Kalamu Kavu

Shikamoo kaka. Nianze na presha, kwa sababu hapo pana hatari. Si kweli. Presha ikipanda, kwa kawaida mtu hasikii kitu chochote. Anaweza kukaa nayo miaka mingi akijiona mzima huku inaumiza moyo, figo na mishipa ya ubongo. Hakuna daftari linaloweza kuchukua nafasi ya mashine. Endelea kupima, andika namba na tarehe, na dawa usiziache kwa sababu unajisikia vizuri. Binti yako ana upendo mkubwa na nimemshukuru kwa kukusomea, lakini hili mwambie si sahihi.

Hata hivyo mashine yenyewe inakupa nafasi nzuri. Kabla ya kupima, mtu anatakiwa kukaa kimya dakika tano: mgongo umeegemea, miguu haikupishanishwa, nyayo ziko sakafuni, mkono umetulia usawa wa moyo, hakuna kuzungumza. Watu wengi huzipoteza dakika hizo kwa kuisubiri mashine kwa wasiwasi. Zifanye ndizo dakika zako za kuusikiliza mwili. Ukimaliza kupima, andika namba, na chini yake mstari mmoja: mkono uliokuwa mezani ulisikia nini?

Kuhusu mwili kutojibu, mimi siamini kwamba umekaa kimya. Aliyefundishwa tangu utotoni kutosema "naumia" hujifunza pia kutosikia, na ujuzi huo ulikusaidia kwa wakati wake. Kwa hiyo tusianze kwa kuuliza. Tuanze kwa kutenda. Kunja ngumi ya mkono mmoja kwa muda wa pumzi mbili, bila kukaza sana na bila kuzuia pumzi kwa sababu ya presha yako, halafu iachie. Sasa linganisha mkono ule na wa pili. Upi una joto? Upi mzito? Edmund Jacobson, daktari wa Marekani, alianza mwanzoni mwa karne ya 20 kuwafundisha watu kukaza msuli na kuulegeza ili wautambue mkazo ambao walikuwa wameuzoea mpaka hawausikii tena. Njia yake inatumika mpaka leo.

Kama maneno yanagoma, chora. Mwaka 2014 Lauri Nummenmaa na watafiti wenzake wa Ufini walichapisha kazi iliyowashirikisha watu wapatao 700 kutoka Ufini, Uswidi na Taiwan. Waliwapa umbo tupu la mtu, wakawaambia wapake rangi mahali wanapohisi mwili umechangamka au umefifia wakati wa hasira, huzuni, hofu, furaha na kadhalika. Michoro ilifanana kwa kiasi kikubwa: hasira ilijaa kichwani, kifuani na mikononi, furaha ikaenea mwili mzima, huzuni ikafifisha mikono na miguu. Wewe chora umbo la mtu kila siku, hata kama ni baya. Kalamu nyekundu palipo na joto au mkazo, ya bluu palipopoa au pamekufa ganzi, na pasipo na kitu pabaki peupe. Ukurasa wa kwanza ukiwa mweupe wote, usiutupe. Uwekee tarehe. Nitafurahi kusikia ni wapi rangi ya kwanza ilipotokea.

Shangazi, niliwahi kupita kwenye jambo ambalo sitaki kulitaja. Nilisoma mahali kwamba ukiandika yaliyokuumiza unapona, nikaandika usiku tatu mfululizo. Sasa nikifumba macho kuusikiliza mwili kama ulivyosema, kifua kinajifunga, mikono inakufa ganzi, na ni kama niko kule tena. Daftari nimelifunga nikaliweka juu ya kabati. Nimeshindwa? – Bila jina

Hujashindwa, mwanangu. Mwili ulikuambia "imetosha" nawe ukausikia. Hilo ndilo jambo ambalo ukurasa huu wote unajaribu kulifundisha, na umelifanya katika hali ngumu kuliko ya mtu mwingine yeyote aliyeniandikia.

Ulichokisoma kina chanzo chake. Mwaka 1986 Pennebaker yule yule, pamoja na Sandra Beall, walichapisha utafiti wa wanafunzi 46 wa chuo walioandika dakika 15 kila usiku kwa usiku nne. Walioandika juu ya tukio lililowaumiza, pamoja na hisia zao kuhusu tukio hilo, walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Lakini sehemu ya pili ya habari hiyo haisimuliwi sana: siku zile zile za kuandika, watu hao walikuwa na huzuni zaidi, na presha yao ilipanda. Tafiti nyingi zimefuata tangu hapo, na kwa wastani faida iliyoonekana ni ndogo. Wengine inawasaidia, wengine haiwagusi. Pennebaker mwenyewe huwapa watu kanuni moja: ukiona jambo unaloliandika linakuzidi, liache, andika jingine.

Kwa mtu aliyeumizwa, kufumba macho na kuingia kifuani moja kwa moja kunaweza kuwa kumrudisha pale pale. Nilipaswa kupata nafasi ya kulieleza hilo, kwa hiyo nalieleza sasa kwa kirefu, kwa ajili yako na kwa wengine walionyamaza.

Macho yabaki wazi. Kaa mahali unapoona mlango. Usianze na kifua, koo wala tumbo. Chagua sehemu isiyo na habari mbaya, kama kiganja, goti au ncha ya pua. Wengi huanza na nyayo. Andika sentensi tatu tu, nazo ziwe za vitu unavyoweza kuvigusa: "Unyayo wa kushoto uko sakafuni. Sakafu ni ya baridi. Kidole gumba kinasogea nikikiamuru." Kisha inua kichwa, utazame chumba, utaje rangi unazoziona. Halafu sentensi tatu nyingine, au ufunge. Sekunde thelathini zikitosha, zimetosha. Ganzi ikianza kupanda mikononi, simama, tembea, osha uso kwa maji, shika kitu kigumu. Sina haja ya wewe kuvumilia chochote.

Lile jambo lenyewe, usilipeleke daftarini peke yako usiku. Mtafute mshauri nasaha au mtaalamu wa saikolojia aliyefunzwa kufanya kazi na watu waliopitia matukio ya kutisha, na umwambie yale uliyoniambia mimi, hata kwa kumpa barua hii aisome. Kama kuna siku unafikiria kujidhuru, usisubiri miadi: mwambie mtu unayemwamini siku hiyo hiyo akae nawe, na mwende hospitali pamoja. Daftari acha likae juu ya kabati muda wowote unaotaka.

Shangazi, daftari au simu? Asubuhi au usiku? Na nikiruka siku je? – Mwenye Haraka

Daftari, ukiweza. Mkono ni wa polepole, na upole huo unakupa muda wa kurudi kuangalia kama neno uliloliandika ni la kweli. Simu inaleta ujumbe wa watu wengine katikati ya sentensi. Kama unaishi na mtu anayesoma vya wenzake na simu ndiyo yenye nywila, basi simu. Huwezi kuandika ukweli huku unaogopa.

Saa yoyote, ila iwe ile ile kila siku, la sivyo utakuwa unalinganisha mwili wa asubuhi na mwili wa usiku. Ukiruka siku, acha pengo. Usijaze ya jana kwa kukisia.

Shikamoo Shangazi. Nimeandika kwa miezi mitatu. Nimegundua kwamba wiki moja hivi kabla ya hedhi nakuwa mtu mwingine: nalia ovyo, nagombana, matiti yanajaa, kichwa kinapwita upande wa kulia. Hedhi ikianza, siku ya pili nimekuwa mzima. Daktari niliyemwona mwanzo alinisikiliza kwa haraka akaniandikia dawa za maumivu. Nimpelekee daftari au ataniona msumbufu? – Mhesabu Siku

Marahaba binti yangu. Mpelekee. Umefanya kazi ambayo madaktari huwaomba wagonjwa na wengi hawaifanyi.

Nakueleza kwa nini ina uzito. Kuna hali inayozidi ule usumbufu wa kawaida wa kabla ya hedhi, inayovuruga hisia, kazi na nyumba. Mwongozo wa uchunguzi wa magonjwa ya akili uliotolewa Marekani mwaka 2013 unataka, ili hali hiyo ithibitishwe, dalili ziwe zimeandikwa kila siku kwa angalau mizunguko miwili. Kukumbuka hakutoshi. Kumbukumbu ya mwili haiaminiki sana: mwaka 1996 Donald Redelmeier na Daniel Kahneman walionyesha kwamba wagonjwa waliopitia uchunguzi wenye maumivu walikumbuka zaidi yalipofikia kilele na yalivyokuwa mwishoni, na urefu wa muda wa kuumia haukuwa na uzito mkubwa katika kumbukumbu zao. Wewe una maandishi ya siku yenyewe. Sisemi kwamba una hali hiyo. Hilo ataliamua daktari. Nasema una ushahidi ambao atauhitaji.

Lakini usimkabidhi daftari zima. Tengeneza ukurasa mmoja wenye siku za miezi mitatu, kila mwezi mstari wake. Weka alama siku za hedhi, siku za kulia au hasira, siku za kichwa. Kwa kichwa ongeza saa kilipoanza, kilidumu muda gani, kama ulitapika, kama mwanga ulikuumiza. Kama kabla ya kichwa huwa unaona vimulimuli au mistari inayopinda machoni, hilo liandike kwa herufi kubwa, na umwambie hasa ikiwa unatumia au unataka kutumia vidonge vya uzazi wa mpango. Si vidonge vyote vinavyomfaa mwanamke mwenye dalili hiyo.

Ongeza safu ya dawa ulizomeza na siku ulizozimeza. Hili watu hulisahau. Anayetumia dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, anaweza kupata maumivu ya kichwa yanayosababishwa na dawa zenyewe. Kwa dawa nyingine kali zaidi, siku 10 zinatosha kuleta tatizo hilo. Hesabu zako ukiziona mwenyewe kabla ya kuingia kwa daktari, mazungumzo yatakuwa mengine.

Kurasa zilizobaki ni zako. Usiligeuze daftari zima kuwa faili la hospitali, ukaacha kuandika zile siku baada ya hedhi ambapo unasema umekuwa mzima. Siku hizo nazo zina mwili. Zinasikikaje mabegani? Usingizi unakujaje? Daktari akikuuliza hali yako ya kawaida ikoje, jibu utalitoa hapo.

Na juu kabisa ya ule ukurasa mmoja, kabla ya tarehe na alama zote, andika swali unalotaka lijibiwe siku hiyo, moja tu, kisha umsomee daktari kabla hajashika kalamu.